Kuchagua Kitabu cha Kumsomea Mtoto: Somo la Historia kutoka Namatala, Mbale

Utangulizi

Namatala ni jina la mto na pia ni jina la mtaa. Mto unateremka kutoka Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba, unapita kando ya jiji la Mbale, kisha unaingia katika ardhi oevu yenye mashamba ya mpunga. Mtaa umekaa upande wa viwanda wa jiji hilo. Wakazi wake wengi ni watu wa kipato cha chini wanaoishi katika vyumba vya kupanga, na lugha zao ni nyingi: wapo Wamasaba, wapo Waiteso, wapo Wagwere, na wapo Wakaramojong waliohamia kutoka kaskazini mashariki. Watu hawa wanapokutana sokoni, Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowasaidia kuelewana.

Insha hii inauliza swali dogo. Mzazi wa mtaa kama huu, mwenye fedha kidogo na nusu saa tu ya jioni kabla watoto hawajalala, achague kitabu gani cha kuwasomea? Kwa kawaida swali hili huachiwa walimu wa elimu ya awali. Nimelileta katika historia kwa sababu mzazi huyo haanzi na rafu tupu. Kabla hajachagua, wengine wamekwisha kumchagulia kwa zaidi ya miaka mia moja, na vitabu anavyovikuta dukani ni matokeo ya uchaguzi wao.

Hoja yangu ni kwamba tangu vitabu vilipoingia Uganda, vile walivyopewa watoto vilichaguliwa zaidi kwa ajili ya ubatizo, ofisi na mtihani. Ni mara chache vilichaguliwa kwa ajili ya mtoto anayesikiliza nyumbani. Hali hiyo imekigharimu sana Kiswahili. Sasa lugha hiyo imeamuliwa kuwa somo la lazima katika shule zetu, kwa hiyo yafaa tujue yaliyoipata hapo nyuma.

Siku za kusoma kwa kusikiliza

Mmisionari Alexander Mackay alifika Buganda Novemba 1878 akiwa na mashine ya kuchapia. Biblia ya Kiganda haikuwapo bado. Alichokuwa nacho ni sehemu za Maandiko katika Kiswahili, zilizotafsiriwa Zanzibar na Edward Steere, naye alizitumia katika baraza la Kabaka Mutesa, ambaye Kiswahili alikuwa anakielewa. Yaliyosomwa kwa Kiswahili yalielezwa kwa Kiganda ili kila mtu afuate. Kwa hiyo miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa kusomwa kutoka kitabuni katika nchi hii, mengi yalisomwa kwa sauti mbele ya kundi la wasikilizaji, na yalikuwa ya Kiswahili. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu linajibu tatizo la mzazi wa leo.

Waliojiunga na dini mpya waliitwa kwa Kiganda abasomi, yaani wasomaji. Kusoma na kuingia dini yakawa jambo moja. Kwa upande wa Waislamu hali haikuwa mbali na hiyo, maana mtoto aliyepelekwa chuoni alijifunza kuisoma Kurani kwa sauti akimfuatisha mwalimu wake. Katika njia zote mbili sauti ilikuwapo, lakini kazi ya mtoto ilikuwa kukariri.

Elimu hiyo ilifika kwenye miteremko ya Masaba mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na utawala. Semei Kakungulu aliweka makao yake mahali palipokuja kuwa mji wa Mbale, na wafuasi wake Waganda wakaleta lugha yao. Kiganda kikawa lugha ya kanisa na ya ofisi katika eneo ambalo wenyeji wake walizungumza Lumasaba. Wamisionari wa Church Missionary Society waliokuwa Nabumali walijitahidi kuiandika lugha ya wenyeji, na mmoja wao, J. B. Purvis, alichapisha sarufi ya Lumasaba mwaka 1907. Vitabu vilivyofuata juhudi za aina hiyo vilikuwa hasa vya ibada na vya kujifunzia herufi.

Wakati huo huo watoto hawakukosa hadithi. Jioni, moto ukiwaka, bibi aliwasimulia ngano na kuwatega vitendawili. Ngano ilikuwa na kanuni zake: msimulizi aliita na watoto wakaitika, palikuwa na wimbo uliorudiwarudiwa, sungura alimshinda fisi kwa ujanja, na msimulizi aliyewachosha wasikilizaji wake aliwaona wakisinzia mbele ya macho yake. Kwa maneno mengine, nyumba zetu zilikuwa tayari na kipimo cha hadithi nzuri kabla ya kitabu cha kwanza kufika, nacho kilikuwa sikio la mtoto.

Pwani kuna ushahidi kwamba kipimo hicho na kitabu vingeweza kukutana. Mwaka 1870 Steere alichapisha mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Humo mna Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho ndani yake mna kima aliyechukuliwa na papa baharini kwa hila. Kima akajiokoa kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha mtini. Hadithi hiyo ilisafiri karne nyingi kutoka India na Arabuni kabla ya kufika kwetu, na haijapoteza nguvu yake, kwa sababu kila mtoto anayeisikia hutaka kujua kima atatokaje. Hata hivyo, mkusanyo ule ulichapishwa London, na wageni waliutumia sana kujifunzia lugha. Mtoto aliyekuwa mwenye hadithi hakuwa mnunuzi aliyekusudiwa.

Kiswahili kilivyoingia na kutoka shuleni

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, yenye kazi ya kusanifisha Kiswahili na kusimamia vitabu vyake. Katika miaka hiyo Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati, na wenzake walitafsiri vitabu vya hadithi vya Kiingereza. Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina vilitoka mwaka 1929. Mwaka 1940 kikatoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, ambamo Elisi amechorwa kama msichana wa Kiafrika.

Vitabu hivi visidharauliwe. Vina safari, hatari na vichekesho, na mchoro wa Elisi unaonyesha kwamba walau mtu mmoja alimfikiria mtoto ambaye angekitazama kitabu. Lakini vilitoka katika rafu za Uingereza, vikasafishwa lugha na kamati, vikapelekwa shuleni. Hakuna aliyewauliza wazazi wa Bugisu, Busoga au Teso watoto wao wanacheka nini jioni.

Upinzani dhidi ya Kiswahili ulitoka Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikikataa hadharani mwaka 1929, na maaskofu wakaunga mkono lugha za wenyeji. Sababu zao zilikuwa za siasa na za dini: walihofia kuunganishwa na Kenya ya walowezi, na wengine walikiona Kiswahili kuwa lugha ya Uislamu. Mwaka 1952 kiliondolewa katika orodha ya lugha za shule za Uganda. Kikabaki katika polisi na jeshi.

Hapa ndipo ninapoona hasara iliyokuja kutuandama baadaye. Lugha iliyofukuzwa darasani ingeweza kupata hifadhi nyumbani kama nyumbani kungekuwa na kitu cha kuihifadhi. Kiganda kilikuwa na vitabu vya nyumbani, nyimbo za kanisa na magazeti. Kiswahili katika Uganda kilikuwa na amri za askari na bei za sokoni. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa raia wengi tangazo hilo lilithibitisha tu walichokwisha kukiamini, kwamba hii ni sauti ya mtu mwenye bunduki. Mtoto aliyekisikia Kiswahili kwanza kwenye kizuizi cha barabarani hawezi kulaumiwa kwa kutokipenda.

Masanduku ya vitabu na Moses

Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau, chini ya ukurugenzi wa Charles Richards, makao makuu yakiwa Nairobi. Shirika hili lilichapisha vitabu katika Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine, na pia lilijenga huduma za maktaba, zikiwemo zile za kuwapelekea wasomaji vitabu katika masanduku. Baada ya uhuru, Uganda iliunda Bodi ya Maktaba za Umma mwaka 1964, na Mbale ikawa miongoni mwa miji yenye maktaba. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuazima kitabu na kwenda nacho nyumbani bila kuwa mwanafunzi wala mwanakwaya.

Katika miaka hiyo ya 1960 alitokea mwandishi aliyewajua watoto. Barbara Kimenye, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika serikali ya Kabaka na baadaye katika magazeti, alianza kuandika mfululizo wa vitabu kuhusu Moses, mvulana mtundu wa shule ya bweni. Vilichapishwa na Oxford University Press na vikaenea Afrika Mashariki nzima. Jina la shule yenyewe ni kichekesho: Mukibi's Educational Institute for the Sons of African Gentlemen. Havikuwa vitabu vya somo lolote. Watoto walivisoma kwa sababu walitaka kujua Moses ataingia matatani vipi safari hii.

Mambo mawili yaonekane hapa. Kwanza, Moses alithibitisha kwamba mtoto wa Uganda hakuwa mvivu wa kusoma, kama ilivyodaiwa mara nyingi; alikuwa anangoja kitabu cha kumfurahisha. Pili, kitabu hicho kilikuja kwa Kiingereza. Kiswahili hakikupata Moses wake katika Uganda.

Kisha mambo yakaharibika. Waasia walifukuzwa mwaka 1972, na biashara nyingi walizoziendesha, maduka ya vitabu yakiwemo, zikayumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Literature Bureau nayo ikafa. Kizazi kizima kilikua na daftari lakini bila kitabu cha hadithi.

Shule inapohamia nyumbani

Uchapishaji ulifufuka polepole. Fountain Publishers ilianzishwa mwaka 1988, na National Book Trust of Uganda mwaka 1997. Mwaka huo huo wa 1997 elimu ya msingi kwa wote ilianza, na madarasa yakajaa. Tangu mwaka 2007, mtaala wa madarasa matatu ya kwanza unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Lumasaba ilikuwa miongoni mwa lugha 12 zilizoandaliwa vitabu vya kujifunzia kusoma katika mradi mkubwa wa serikali na wafadhili uliofuata. Haya ni maendeleo ya kweli, na mtoto wa Mbale leo ana vitabu vya lugha yake kuliko bibi yake. Lakini karibu vyote ni vitabu vya darasa: herufi, silabi, aya fupi, maswali.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulikuja na ugonjwa wa korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko huo. Kwa karibu miaka miwili nyumba ya mpangaji wa Namatala ndiyo ilikuwa shule. Serikali ilitoa masomo ya redio na karatasi za kujisomea nyumbani, nazo zilikuwa muhtasari wa masomo na mazoezi. Sisemi hazikuwa na faida. Nasema kwamba hata siku nyumba ilipokuwa darasa pekee lililobaki, kilichotumwa nyumbani kilikuwa kile kile cha shuleni, na mama aliyetaka kuwatuliza watoto watano jioni hakupelekewa hadithi hata moja.

Julai 2022 mambo mawili yalitokea. Mwanzoni mwa mwezi Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwishoni mwa mwezi, kuanzia usiku wa tarehe 30, mvua kubwa ilijaza mito ya Nabuyonga na Namatala, maji yakaingia mitaani, watu wakafa na nyumba zikasombwa. Mambo haya hayana uhusiano wa sababu na matokeo. Nayaweka pamoja kwa kuwa yanamhusu mzazi mmoja. La kwanza linamtaka mtoto wake ajue Kiswahili. La pili linamkumbusha kwamba kitabu chochote atakachonunua kitakaa katika chumba ambacho mto unaweza kukifikia.

Vigezo tunavyoweza kuvitoa katika historia hii

Kutokana na hayo, napendekeza mzazi, au mwanafunzi wa Kiswahili anayeombwa ushauri na jirani, apime kitabu kwa mambo matano.

La kwanza ni sikio. Asikichague kitabu kwa jalada wala kwa maneno yanayosema kimeidhinishwa. Asome ukurasa wa kwanza kwa sauti pale pale dukani. Kama pumzi inamkatika katikati ya sentensi, au kama hadi mwisho wa ukurasa hakuna aliyetaka kitu, hicho ni kitabu cha kusomwa kimya. Ngano ilijua hili: baada ya sentensi tatu sungura ana njaa na shamba ni la mwingine.

La pili ni nafasi ya mtoto kuitika. Kitabu chenye maneno yanayorudi, mlio wa mnyama au swali la kujibiwa humwezesha mtoto asiyejua kusoma kushiriki. Wamisionari na walimu wa chuoni walikuwa na sauti bila hiari. Ngano ilikuwa na vyote viwili. Hii pia ndiyo sababu mtoto akiomba kitabu kile kile kwa jioni ya kumi asikataliwe, kwani wimbo wa ngano nao haukuimbwa mara moja.

La tatu ni kicheko na mashaka. Hekaya za Abunuwasi zimeishi katika Kiswahili kwa sababu mnyonge anamshinda mkubwa kwa akili, na hilo halihitaji kufafanuliwa Namatala. Kwa watoto wakubwa kidogo upo mfano wa Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora, mwandishi aliyezaliwa Bungoma, ng'ambo ya pili ya mlima wetu. Hadithi ya wavulana wanaoota kwenda Marekani inaweza kukatwa kila jioni mahali ambapo msikilizaji anaomba kuendelea. Bungoma si mbali, na vitabu vya Kiswahili vya Kenya ni rahisi kufika Mbale kuliko vile vya Dar es Salaam.

La nne ni lugha ambayo msomaji anaweza kuifungua. Watasema wengine: mtoto wa Namatala anazungumza Lumasaba, au Ateso, au Ng'akarimojong, basi kumsomea Kiswahili ni kumtesa. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake liko katika baraza la Mutesa, ambako kilisomwa Kiswahili na kikaelezwa Kiganda. Mama asome sentensi, asimame, aieleze kwa lugha ya nyumbani, aendelee. Kitabu chenye picha kubwa na maneno machache kwa ukurasa kinaruhusu hivyo. Kitabu kilichojaa maandishi hakiruhusu. Na pale ambapo mama hakufika mbali shuleni, msomaji anaweza kuwa dada wa darasa la sita. Kwa hiyo kitabu kipimwe pia kwa uwezo wa dada huyo.

La tano ni kudumu na kupatikana. Kitabu cha bei ndogo kinachoweza kununuliwa tena kina faida kuliko kitabu kizuri kinachofichwa kabatini kwa hofu ya kuchanika au kulowa. Kuazima nako ni njia yenye historia, kama masanduku ya Literature Bureau yalivyoonyesha. Siku hizi kuna njia nyingine. Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014 na kuifanya Uganda mojawapo ya nchi zake za majaribio, unatoa hadithi za picha bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Lumasaba zikiwemo. Hadithi hizo huweza kupakuliwa kwenye simu au kuchapishwa kwenye karatasi. Karatasi ikisombwa na maji, hadithi huchapishwa tena. Tena mradi huo unamruhusu mtu yeyote kutafsiri.

Hitimisho

Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba Kiswahili kimeingia Uganda mara kadhaa kupitia mlango wa mamlaka: kupitia pendekezo la gavana, tangazo la rais, na sasa uamuzi wa Baraza la Mawaziri. Mara ya kwanza kilitolewa shuleni kwa sababu wachache walikilinda. Mara ya pili kilibaki kinaogopwa. Sioni sababu ya kuamini kwamba safari hii mtihani peke yake utafanya kazi tofauti. Mtoto atafaulu somo, kisha ataliacha, kama wengi wanavyoacha masomo mengine ya lazima.

Mtoto aliyekwisha kucheka pamoja na Abunuwasi akiwa amelala mgongoni mwa mama yake atalikuta somo hilo darasani kama mtu anayemfahamu. Kwa sababu hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu na walimu wetu tuitazame kazi hii kama sehemu ya fani yetu. Sisi ndio tunaoweza kuziandika kwa Kiswahili chepesi ngano ambazo bibi zetu wa Bugisu, Teso, Bugwere na Karamoja bado wanazikumbuka. Tukishaziandika, tusizipeleke kwanza kwa mchapishaji. Tuzipeleke Namatala jioni, tuzisome kwa sauti mbele ya watoto, tuone ni ukurasa upi wanaanza kupiga miayo, turudi tukauandike upya.